Sifa za Wakanada zipimwe, zisimezwe tu

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumeizoea madarasani, na kila mwanafunzi huieleza kwa namna moja: kwamba sifa humlevya anayesifiwa. Lakini kuna upande wa pili ambao hauzungumzwi aghalabu. Anayesifu naye hulewa. Huendelea kunywa tembo lililotiwa maji huku akiapa kuwa ni kali, kwa kuwa sifa za mgema zimekwisha kumpotezea ladha. Ni upande huu wa pili ninaotaka tuutazame leo, na mgema wetu ni taifa ambalo karibu kila mtu hulisifu: Kanada.

Kila mwaka huwataka wanafunzi wangu wa isimujamii waniandikie mambo matatu wayajuayo kuhusu Wakanada. Majibu hayabadiliki. Kwanza, kwamba nchi yao ni barafu tupu na watu hulala katika nyumba za theluji. Pili, kwamba ni wapole kupindukia, hata ukimkanyaga Mkanada yeye ndiye atakayekuomba radhi. Tatu, kwamba si chochote ila Wamarekani waliofunzwa adabu. Wanafunzi hawa hawakuyabuni mambo hayo. Wameyapata katika filamu na vichekesho, ambavyo vingi hutungwa na Wamarekani wenyewe kumcheka jirani yao wa kaskazini.

Dhana za jumla za aina hii, yaani kulitia taifa zima katika kapu moja, si lazima ziwe uongo mtupu. Nyingi zina chembe ya ukweli. Tatizo ni kwamba chembe hiyo hutumiwa kulifunika gunia zima.

Tuchukue barafu. Ni kweli kwamba Kanada ina baridi kali, na kwamba Wainuit wa kaskazini walijua kujenga nyumba za theluji, hasa katika safari na mawindo ya majira ya baridi. Hata hivyo, Wainuit wa leo hukaa katika nyumba kama za watu wengine. Aidha, wengi wa Wakanada, ambao idadi yao ilipita milioni 40 mwaka wa 2023, huishi kusini, karibu na mpaka wa Marekani. Jiji la Toronto liko katika latitudo inayokaribiana na ile ya Florence, Italia, na wakati wa kiangazi joto lake huweza kupita nyuzi 30.

Wala Mkanada si lazima awe mzungu. Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda mwaka wa 1972, maelfu yao walipokewa Kanada. Mwandishi M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa Dar es Salaam, ni Mkanada, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Giller, mojawapo ya tuzo kuu za fasihi nchini humo, mwaka wa 1994. Riwaya iliyompa tuzo hiyo inasimulia habari za Afrika Mashariki. Mkanada huyu anatujua sisi kuliko tunavyomjua yeye.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, naomba msomaji aniruhusu nitue kidogo kwenye maneno matatu ambayo Mkanada huchekwa kwayo. La kwanza ni neno la Kiingereza "about". Wamarekani hudai kwamba Mkanada hulitamka "aboot". Kwa hakika wengi hawasemi hivyo. Katika matamshi ya Wakanada wengi, irabu zilizoungana katika maneno kama "out" na "house" huanzia juu zaidi kinywani zinapofuatwa na konsonanti isiyo ghuna. Zinapofuatwa na konsonanti ghuna, kama katika neno "loud", hazipandi. Mwanaisimu J.K. Chambers aliieleza kanuni hii katika makala yake ya mwaka wa 1973. Sikio la Mmarekani wa kawaida halina mahali pa kuiweka sauti hiyo, kwa hiyo huitupa katika kapu lililo karibu. Hivyo ndivyo dhana za jumla zinavyozaliwa: hatusikii alichosema mwenzetu, twasikia kile ambacho masikio yetu yamekizoea.

Neno la pili ni "eh", ambalo Mkanada hulitia mwishoni mwa sentensi. Wachekeshaji hulifanya kuwa dalili ya ushamba. Lakini kijineno hicho hufanya kazi ile ile tunayoipa "sivyo?" au "ama?" hapa kwetu: humkaribisha msikilizaji katika mazungumzo na kumwomba akubali au akanushe. Fauka ya hayo, si mali ya Wakanada peke yao. Hata watu wa New Zealand hulitumia.

Neno la tatu ndilo zito zaidi, nalo ni "sorry". Hapa Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakina. Mtu akijikwaa mbele yako, wamwambia "pole", ingawa si wewe uliyeliweka jiwe njiani. Ukimkanyaga wewe, wamwambia "samahani" au "nisamehe". Neno la kwanza hushiriki uchungu. La pili hukiri kosa. Mwingereza ana "sorry" moja tu kwa yote mawili, na msikilizaji huachiwa kazi ya kukisia. Utata huu umewahi kuwashughulisha hata watunga sheria wa Kanada. Jimbo la British Columbia lilipitisha mwaka wa 2006, na Ontario mwaka wa 2009, sheria isemayo kuwa mtu akiomba radhi, maneno yake yasichukuliwe mahakamani kuwa ushahidi wa kukiri kosa katika kesi ya madai. Yaani ilibidi bunge liketi ili kulifanyia neno moja kile ambacho sisi tumekifanya kwa maneno mawili.

Kwa hiyo, anayemsikia Mkanada akisema "sorry" mara kumi kwa siku na kuhitimisha kuwa ni mtu wa toba, huenda amesikia "pole" kumi akazihesabu kuwa "samahani" kumi. Hapa ndipo sifa inapoanza kuwa hatari.

Tangu Lester Pearson atunukiwe Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 1957, askari wa Kanada amesifiwa kuwa mlinzi wa amani, mpole mwenye bunduki asiyependa kuitumia. Katika mwaka wa 1993 askari wa aina hiyo walikuwa Somalia, jirani yetu wa karibu. Huko Beledweyne, mwezi wa Machi, baadhi yao walimkamata kijana wa Kisomali wa miaka 16, wakamtesa kwa saa kadhaa hadi akafa, na wakapiga picha za mateso hayo. Kikosi chao kilivunjwa mwaka wa 1995, na tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka wa 1997. Hapana shaka kuwa wapo askari wengi wa Kanada waliotumika kwa uadilifu. Jenerali Roméo Dallaire, aliyekuwa Rwanda mwaka wa 1994 akiomba msaada asipewe, ni mmoja wao. Lakini sifa ya upole haikumkinga yule kijana. Iliufanya tu ulimwengu ushangae zaidi, kisha usahau upesi zaidi.

La pili lawahusu walimu moja kwa moja. Kuanzia miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, serikali ya Kanada ikishirikiana na makanisa iliendesha shule za bweni kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 1920 yaliwalazimisha wazazi kuwatoa. Watoto walikatwa nywele, wakabadilishwa majina na kuadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Maelfu walifia humo, wengi kwa kifua kikuu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitamka mwaka wa 2015 kwamba hayo yalikuwa mauaji ya utamaduni.

Msomaji wa umri wangu na anayenizidi hatashangaa kusikia kuhusu adhabu ya lugha. Kwetu pia mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivishwa disiki shingoni, akaivaa hadi amnase mwenzake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliueleza mtindo huo katika Decolonising the Mind, mwaka wa 1986. Sisemi kuwa mambo haya mawili ni sawa. Mtoto wetu alirudi jioni kwa mama yake. Yule wa Kanada wengi walitwaliwa wakiwa wadogo, na wako ambao hawakurudi kamwe. Lakini fikra iliyozaa adhabu hizo ni moja: kwamba ulimi wa mtoto ni kosa linalopaswa kurekebishwa.

Mnamo tarehe 11 Juni 2008, Waziri Mkuu Stephen Harper alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali. Aliiomba kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha kadhaa za wenyeji wa asili. Anayeiamini dhana ya upole atasema, "Si unaona? Ndivyo Wakanada walivyo." La, hasha! Radhi hiyo haikutokana na upole. Ilitanguliwa na miaka mingi ya wahanga kwenda mahakamani, hadi mapatano ya fidia yakafikiwa mwaka wa 2006. Kuwapa Wakanada wote sifa kwa radhi hiyo ni kuwanyang'anya ushindi wao wale walioidai. Tena wahanga hawakutaka "pole". Walitaka "samahani", ile yenye kukiri na kutenda. Tume ilitoa miito 94 ya hatua za kuchukuliwa, na mwaka wa 2019 ikapitishwa sheria ya kulinda lugha za wenyeji wa asili. Sensa ya mwaka wa 2021 ilionyesha kuwa kati ya wenyeji hao wapatao milioni 1.8, ni watu takriban 237,000 tu walioweza kuzungumza mojawapo ya lugha hizo. Sheria imekuja, lakini wengi wa wasemaji wamekwisha kwenda.

Sikuyaandika haya ili Mkanada aliyesifiwa mno sasa atukanwe mno. Hiyo ingekuwa kubadilisha kapu tu. Nia yangu ni kuwakumbusha walimu kwamba tunapowakataza wanafunzi dhana mbaya kuhusu mataifa na makabila, twasahau kuzikagua zile nzuri. Twamwachia mwanafunzi aandike katika insha kwamba watu fulani ni wapole, wengine ni wachapa kazi, na wengine ni wakarimu, tukamtilia alama ya vyema. Ilhali sifa ya jumla, sawa na tusi la jumla, humfunga mtu macho asimwone aliyeumizwa ndani ya nyumba inayosifiwa.

Nitaendelea kuwauliza wanafunzi wangu mambo matatu kuhusu Wakanada. Lakini nimeongeza swali la nne: nani alikuambia hayo, na ni nani hakuulizwa? Mwalimu anayesoma makala haya anaweza kulijaribu darasani mwake, na si lazima aanzie Kanada. Aanze na kijiji jirani.