Juu ya Maji Yagandayo Pasipo Kuwa Barafu

Hivi karibuni nilipewa kusahihisha tafsiri ya somo la elimu ya viumbe, ambamo iliandikwa kwamba wataalamu "huzigandisha seli zikawa barafu, wapate kuzipiga picha kwa hadubini ya elektroni." Sarufi yake haina kasoro, lakini maana yake ni kinyume cha kazi yenyewe, kwani barafu ndiyo adui ambaye wataalamu hao humkimbia. Yafaa tueleze jambo lilivyo kabla ya kulitafutia neno.

Hadubini ya elektroni hufanya kazi ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na humo maji hugeuka mvuke mara moja. Kwa kuwa sehemu kubwa ya seli ni maji, zamani hapakuwa na budi kuikausha, kuitia dawa na kuipaka madini mazito. Mtazamaji akawa kama mtu ajifunzaye habari za samaki kwa kutazama ng'onda. Kuigandisha polepole hakufai pia: maji hujipanga kuwa fuwele, nazo fuwele huchoma tando za seli na kusukuma kando chumvi na protini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jacques Dubochet na wenzake katika Maabara ya Ulaya ya Biolojia ya Molekuli, huko Heidelberg, Ujerumani, walionyesha ya kuwa maji yakipoozwa kwa kasi kubwa mno, molekuli zake hazipati nafasi ya kujipanga. Husimama papo hapo zilipo, kama ilivyo katika kioo. Kwa kazi hiyo hutumika etani ya majimaji iliyopoozwa kwa nitrojeni. Mbona isitumike nitrojeni yenyewe, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri? Kwa sababu huchemka iguswapo na kitu chenye joto kuliko yenyewe, na mvuke wake hukifunika kitu hicho kama blanketi. Mwaka 2017 Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Njia hii yafaa kwa virusi na seli nyembamba. Tishu ina shida yake, maana baridi haifiki ndani upesi. Basi hupoozwa huku ikibanwa kwa shinikizo la takriban mara 2,000 ya lile la hewa, na hivyo kipande chenye unene wa mikromita 200 hivi chaweza kuokoka na fuwele. Kisha hupunguzwa kwa kisu cha almasi, ambacho hukibana na kukipasua, au kwa mwale wa ayoni za galiamu, mpaka kibaki na unene usiozidi nanomita 300, ndipo elektroni zipenye. Muda wote huo kiwekwe katika baridi ya nyuzi 140 chini ya sifuri au zaidi, la sivyo fuwele hutokea.

Narudi kwenye neno. Damu HUGANDA, maziwa huganda, na mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Kitenzi hiki hakidai fuwele, basi na kibaki. Kosa li katika BARAFU. Nilijaribu kuunda kitenzi kutokana na KIOO, nikapata KUKIOOSHA, ambacho kila asikiaye atadhani ni kuosha kitu. Nikaandika: "Seli hugandishwa upesi, hata maji yake yakawa kama kioo pasipo kuwa barafu," na kitu chenyewe nikakiita MAJI-KIOO. Mfasiri ameikubali sentensi. Jina bado hajaliridhia.