Vijini vya Karatasi: Vile Mamanzi Wawili Waliingiza Muumba wa Sherlock Holmes Box na Picha Tano

Mwaka juzi nililipia keja ambayo haikuwa imejengwa. Niliiona kwa simu: tiles safi, dirisha kubwa, jiko la kona, ghorofa ya nne. Ejenti akaniambia kuna wasee watatu wanaingoja, nitume doh ya kushikia haraka. Nikatuma. Jumamosi nikafika na godoro kwa mkokoteni, nikahesabu ghorofa za hiyo plot mara mbili. Zilikuwa tatu.

Picha yenyewe haikuwa feki, na hapo ndipo iliniuma. Ilikuwa picha safi kabisa ya nyumba nyingine, mahali pengine, labda hata nchi nyingine. Kamera haikudanganya kitu. Ni mimi nilijaza iliyobaki.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikifuatilia stori za watu walioangukia picha kabla yangu, na wacha nikwambie, niko na kampani poa. Mmoja wao alikuwa daktari, amepewa cheo cha Sir na mfalme wa Uingereza, na ndiye aliyemtunga mpelelezi mjanja kuliko wote duniani. Jamaa anaitwa Arthur Conan Doyle. Kaa chini nikupe.

Mwaka ni 1917, vita vya kwanza vya dunia bado vinawaka. Kwenye kijiji cha Cottingley, karibu na mji wa Bradford, kuna manzi wa miaka 16 anaitwa Elsie Wright. Binamu yake Frances Griffiths, mtoi wa miaka 9, amekuja na mathake kutoka Afrika Kusini wakae hapo kwa sababu babake ako vitani. Nyuma ya nyumba kuna kijito, na Frances kila siku anarudi viatu vimelowa. Akiulizwa anaenda kutafuta nini huko, anajibu anaenda kuona vijini.

Vijini vya Wazungu si kama majini yetu ya Pwani ya kukutoa jasho usiku. Ni viumbe vidogo vya hadithi za watoi, mabawa kama ya kipepeo, gauni jepesi, vinacheza kwa maua. Watu wazima wakacheka. Elsie akakasirika, akamwomba babake kamera.

Mzee Arthur Wright alikuwa fundi wa umeme na alipenda kupiga picha, ana hadi chumba chake cha giza pale nyumbani. Kamera yake haikutumia filamu, ilitumia kipande cha kioo chenye dawa ndani yake. Watoi wakaenda kijitoni, wakarudi muda si mrefu wakitabasamu. Mzee akaosha kile kioo, na hapo akaona Frances ameweka mkono kidevuni, mbele yake vijini vinne vinacheza dansi. Miezi miwili baadaye ikaja ya pili: Elsie ameketi kwa nyasi, anamnyooshea mkono kijitu kimoja chenye kofia ya ncha.

Mzee Arthur hakubeba. Alisema hizo ni karatasi. Alimjua bintiye: Elsie alikuwa fundi wa kuchora, na alishawahi kufanya kazi kwenye studio ya picha. Akawanyima kamera, stori ikaisha. Ona sasa, msee wa kwanza kuziona picha, asiye na cheo chochote, ndiye alikuwa sahihi. Wataalamu walikuja baadaye.

Mwaka wa 1919, mathake Elsie akaenda mkutano Bradford wa watu walioamini mambo ya roho na ulimwengu usioonekana. Mada ya siku hiyo ikawa vijini. Akawataja picha za watoi wake. Picha zikamfikia kiongozi mmoja wa hicho chama, Edward Gardner, naye akazipeleka kwa mtaalamu wa picha, Harold Snelling. Snelling akazipiga muhuri: hii picha imepigwa mara moja tu, hakuna ujanja wa kuunganisha vioo viwili.

Na alikuwa sawa! Hapo ndipo akili ya wataalamu ilipotea. Ujanja uliojulikana wakati huo ulikuwa wa kupiga picha mara mbili juu ya kioo kimoja, ama kuchora kwenye kioo chenyewe. Snelling alitafuta huo, akaukosa. Hakuukuta kwa sababu vijini vilikuwa pale kweli mbele ya kamera, vimesimama kwenye nyasi. Swali la vimetengenezwa na nini halikuwa swali ambalo kioo kingeweza kujibu. Wasee wa Kodak nao walipoulizwa walisema hawaoni dalili za uongo, lakini wakakataa kutoa cheti kwamba ni za kweli. Hao ndio walicheza smart.

Kulikuwa na dalili moja ya wazi. Nyuma ya Frances kuna maporomoko madogo ya maji, na kwenye picha maji yametoka ukungu kwa sababu kamera ilibaki wazi kwa muda kidogo. Lakini vijini vinavyoruka na kupiga mabawa? Vimetulia tuli kama picha ya kipande. Na nywele zao, watu walisema wakati huohuo, zimesukwa kwa mtindo wa manzi wa Paris wa mwaka huo. Kijini cha msituni kimeenda saluni wapi?

Sasa Conan Doyle. Wakati picha zinamfikia, tayari alikuwa anaandika makala kuhusu vijini kwa toleo la Krismasi la jarida la Strand. Ukisikia tu hivyo utasema mzee alikuwa fala. Mimi pia nilisema hivyo, hadi niliposoma zaidi. Kijana wake Kingsley alijeruhiwa kwenye mapigano ya Somme mwaka wa 1916, akafa 1918. Mwaka uliofuata ndugu yake Innes naye akafa. Uingereza nzima ilikuwa imejaa nyumba za aina hiyo, kiti kimoja kikiwa tupu mezani. Kama vijini vinaweza kushikwa na kamera, basi kuna ulimwengu mwingine kando ya huu, na kama uko, Kingsley hajaenda mbali. Ukijua hivyo, kumcheka kunakuwa kugumu kidogo.

Kuna kitu kingine cha familia. Babake Doyle, Charles, alikuwa mchoraji, na alipenda sana kuchora vijini. Alimalizia miaka yake ya mwisho kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Ami yake Richard Doyle ndiye aliyechora vielelezo vya kitabu maarufu cha vijini, In Fairyland, cha 1870. Kwa hivyo huyu msee alikulia nyumba ambayo vijini vilikuwa ukutani.

Kiangazi cha 1920 Gardner akawapelekea mamanzi kamera mbili na vioo vilivyowekwa alama ya siri ili wasibadilishe. Wakasema vijini havitoki kama kuna mtu mzima anachungulia. Mathake Elsie akaenda zake kunywa chai kwa dadake. Picha tatu zaidi zikapatikana. Hebu fikiria: umeweka alama kwa kila kioo, halafu unaacha washukiwa peke yao na mkasi.

Desemba 1920 jarida likatoka, likaisha sokoni kwa siku chache. Doyle aliwabadilisha watoi majina ili wasisumbuliwe, na 1922 akatoa kitabu kizima, The Coming of the Fairies. Ile picha ya kijitu ina kinundu kidogo tumboni, na Doyle akaamua ni kitovu. Akahitimisha kwamba vijini huzaliwa kama sisi. Kumbe ni kichwa cha pini ya kofia.

Ndio, pini za kofia. Elsie alinakili wachezaji dansi kutoka kitabu cha watoto cha 1914, Princess Mary's Gift Book, akawaongezea mabawa, akawakata kwa karatasi ngumu, wakawasimamisha nyasini kwa pini. Na ndani ya kitabu hichohicho, kuna hadithi ya Conan Doyle mwenyewe. Jibu lilikuwa kwenye kitabu chenye jina lake.

Walikuja kukiri mwaka wa 1983, wakiwa nyanya. Miaka 66! Elsie alieleza kwamba mchezo ulikuwa wa kuwakomesha wakubwa waliowacheka, lakini msee mkubwa kama Doyle alipoingia, ikawa aibu kumwambia. Basi wakanyamaza. Doyle alikufa 1930 bila kuambiwa.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba huyuhuyu Doyle alikuwa ameshawafanyia watu hivyo kwa upande wake, bila kukusudia. Sherlock Holmes ni mtu wa kutungwa, lakini ukifunga macho unamwona: mwembamba, pua kali, kofia ya masikio mawili. Huyo umemwona kwa mchoraji Sidney Paget, aliyeanza kumchora kwenye Strand mwaka wa 1891. Inasemekana jarida lilimtaka ndugu yake Walter, barua ikafunguliwa na Sidney. Halafu, bado inasemekana, Sidney akamtumia huyohuyo Walter kama sura ya Holmes. Na nyumba yake, 221B Baker Street? Doyle alipoiandika, namba za hiyo barabara hazikuwa zimefika huko. Baadaye zikafika, na kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya mikopo ya nyumba iliyokaa hapo ikawa inapokea barua nyingi za Holmes hadi ikaajiri mtu wa kuzijibu. Sasa hapo ni keja ambayo haikuwepo, ikajengwa kwa nguvu ya watu kuiamini. Mimi yangu sijaona ikijengwa.

Na usifikirie haya ni mambo ya Wazungu na vijito vyao tu. Sisi wenyewe tumechorwa. Karibu mwaka wa 1165 barua ilianza kuzunguka Ulaya, eti imetoka kwa mfalme Mkristo tajiri ajabu wa mashariki, Prester John. Hakuna aliyewahi kumwona. Walimtafuta Asia, wakamkosa, wakamhamishia Ethiopia. Vasco da Gama alipopita pwani hii mwaka wa 1498, Msumbiji, Mombasa, hadi Malindi, alikuwa anauliza habari zake njiani. Wareno walipofika kwa mfalme wa Ethiopia mwaka wa 1520, wakakuta mfalme halisi, mwenye jina lake, Lebna Dengel, na bado wakaendelea kumwita Prester John. Mchora ramani Ortelius akatoa ramani nzima ya "himaya" yake mwaka wa 1573, imechorwa poa kabisa, mito na miji kila mahali.

Hata milima tumewekewa. James Rennell alichora Milima ya Kong ikikata Afrika Magharibi, kwenye ramani ya 1798. Wachoraji wengine wakakopi, kila mmoja akimwamini aliyemtangulia, kama vile forward za WhatsApp za grupu ya familia. Ni Mfaransa mmoja, Louis-Gustave Binger, aliyetembea huko kwa miguu na 1889 akasema wazi: jameni, hapa hakuna safu ya milima. Kong yenyewe iko, lakini ni mji. Karibu karne nzima hakuna aliyeenda kuhesabu ghorofa.

Turudi Cottingley kidogo, kwa sababu kuna kitu kimebaki. Ile picha ya tano ya 1920 haina Elsie wala Frances. Ni nyasi tu, na ndani yake vimaumbo hafifu vya vijini, karibu vya kupenyeza mwanga. Elsie alisema hiyo pia ni ya karatasi kama zingine. Frances alikiri zote nne, akaeleza pini, akaeleza mkasi. Lakini ya tano alikataa, akisema hiyo ni ya kweli na ni yeye aliipiga. Alikufa 1986 akiwa bado anasema hivyo.