Paka wa Kihenge Naye Anasikia Baridi

Mavuno yamekwisha. Mahindi yako kihengeni, karanga ziko guniani. Kipupwe nacho kimeingia. Mwezi wa Juni na Julai hapa Tabora mchana jua linawaka, lakini usiku baridi inauma. Sisi tuko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku mawingu hakuna, basi joto la ardhi linapanda na kupotea. Alfajiri hali ya hewa hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na pengine chini ya hapo.

Wewe unajifunika blanketi. Je, paka wako amelala wapi?

KAZI YA PAKA

Zamani misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo. Wapagazi walipumzika Tabora na kununua chakula cha njiani. Palipo na ghala la chakula, panya hawakosi. Ndivyo ilivyo hata leo. Panya anakula nafaka, na ile anayoiacha ameichafua kwa mkojo na mavi. Paka ni mlinzi asiyedai mshahara. Akifa Juni, nani atalinda kihenge mpaka mvua za Novemba?

HATARI ZA KIPUPWE

Paka asiye na malazi hutafuta joto popote. Wengine hulala kwenye jivu katikati ya mafiga. Kaa la moto likishika manyoya, atakimbia ovyo. Akikimbilia kwenye nyasi kavu, nyumba nzima inaweza kuungua. Wengine huingia chini ya boneti ya lori lililokuja kuchukua tumbaku, kwa sababu injini bado ina joto. Dereva akiwasha, paka amekwisha. Basi ndugu dereva, gonga boneti kwanza.

Watoto wa paka wako hatarini zaidi. Wiki tatu za kwanza hawawezi kujitia joto wenyewe. Mama yao akienda kuwinda, sakafu ya baridi inaweza kuwaua.

TENGENEZA MALAZI YAKE

1. Tafuta sanduku la mbao au tenga kuukuu. Lisiwe kubwa. Paka ajikunje tu, maana sanduku kubwa halishiki joto.

2. Toboa mlango wa sentimita 15 hivi. Paka atapita, mbwa mkubwa hatapita.

3. Liweke juu ya mawe au matofali, karibu na kihenge. Upepo wa kipupwe hutoka zaidi mashariki, kwa hiyo mlango uelekee magharibi.

4. Tandika nyasi kavu nyingi. Usitandike matambara. Matambara hunyonya unyevu, na yakilowa yanaongeza baridi.

5. Funika juu kwa gunia au bati. Badilisha nyasi zikilowa au zikiwa na viroboto.

CHAKULA NA USALAMA

Wengine husema, "Paka akishiba hawindi." Si kweli. Paka aliyeshiba kiasi huwinda vilevile, tena anastahimili baridi. Mpe makombo ya ugali na vichwa vya dagaa wa Kigoma, na maji safi.

Usitege sumu ya panya mahali penye paka. Panya akila sumu, na paka akimla panya huyo, wote wawili wanaweza kufa.

Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Muulize ofisa mifugo habari za chanjo. Paka akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo. Usingoje dalili. Zikishatokea, ugonjwa huo hauponi.

Na jambo la mwisho. Paka mweusi akilia usiku karibu na nyumba, usimrushie jiwe wala maji ya moto. Hakutumwa na mtu. Anasikia baridi tu, kama wewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Paka wa nyumbani kwako hulala wapi wakati wa kipupwe?
2. Kwa nini nyasi kavu ni bora kuliko matambara?
3. Utafanya nini mtoto wako akiumwa na paka?