Jeli na punje za dhahabu zinavyosaidia tiba ya mionzi ya saratani

"Wakinipiga mionzi wataniunguza utumbo." Hofu hii tunaisikia mara nyingi kutoka kwa wazee wetu walioambiwa wana saratani ya tezi dume. Wengine hurudi nyumbani na kunywa mizizi, wakija tena hospitali ugonjwa umeshasambaa. Leo tunaeleza hofu hiyo inatoka wapi, na wataalamu wamebuni nini cha kuipunguza.

Mionzi huua seli za saratani kwa kuharibu vinasaba vyake, lakini ikipita kwenye seli nzima nazo huziumiza. Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na nyuma yake, milimita chache tu, kuna puru, sehemu ya mwisho ya utumbo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupata damu kwenye choo au haja ya ghafla.

Njia ya kwanza ni kuisogeza puru. Kabla ya tiba kuanza, daktari huingiza jeli kwa sindano kati ya tezi na puru, akiongozwa na picha ya altrasaundi. Jeli hiyo, ambayo sehemu kubwa ni maji, huganda kwa sekunde chache na kuacha nafasi ya kama sentimita 1. Ni kidogo, lakini kama vile anayekaa hatua moja nyuma ya mafiga haungui, nafasi hiyo hupunguza sana mionzi inayofika kwenye puru. Jeli hukaa kama miezi 3, kisha huyeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo. Hakuna upasuaji wa kuitoa.

Marekani iliidhinisha jeli ya aina hii mwaka 2015, baada ya kujaribiwa kwa wanaume 222. Miaka 3 baada ya tiba, waliopata madhara ya puru walikuwa kama 9 katika kila 100 wasiowekewa jeli, na 2 katika kila 100 waliowekewa.

Njia ya pili ni punje za dhahabu, kila moja ndogo kama punje ya mchele. Tezi dume haitulii mahali pamoja: kibofu kikijaa au choo kikijaa, inasogea. Punje hizo, kwa kawaida 3, huonekana wazi kwenye picha, hivyo mtaalamu hurekebisha kitanda kabla ya kuwasha mashine. Hubaki mwilini bila kudhuru.

Ipo pia njia ya tatu. Chembe ndogo mno za madini ya hafniamu hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe, na mionzi ikizigonga, nguvu yake huongezeka humo humo. Ulaya iliziidhinisha mwaka 2019 kwa saratani ya misuli na tishu laini. Katika jaribio la wagonjwa 180, uvimbe ulikutwa umekufa karibu wote kwa wagonjwa 16 katika kila 100, dhidi ya 8 kwa waliopata mionzi peke yake.

Vifaa hivi ni ghali na havipo katika kila hospitali. Jeli pia haimfai kila mgonjwa, hasa kama saratani imeshavuka tezi kuelekea kwenye puru. Lakini kukosa jeli si sababu ya kukataa mionzi. Bila jeli bado mionzi inatibu, na katika jaribio lile wengi wasiowekewa hawakupata madhara hayo.

Ukipewa rufaa, kwa mfano kwenda Ocean Road jijini Dar es Salaam, muulize daktari: puru yangu italindwaje? Nifike kibofu kikiwa kimejaa? Nikiona damu nimwambie nani? Na wewe baba unayeamka usiku mara nyingi kukojoa, au mkojo unakatika katika, huenda si saratani, lakini usikae nyumbani ukibahatisha. Nenda ukapimwe.