Kunguru wa Bara Hindi na Mwambao wa Nyasa

Ndugu zetu wa Unguja hawana haja ya kuelezwa habari za kunguru wa Bara Hindi, kwani wamekwisha kuishi naye kwa zaidi ya miaka mia moja. Sisi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, toka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ndio tunaopaswa kuzisikia habari hizo, na kuzisikia mapema.

Ndege huyu hakuja kwa mbawa zake. Aliletwa Unguja na watawala katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Takataka alikula, lakini hakuishia hapo. Kufikia mwaka 1917 alikwisha kuhesabiwa kuwa mharibifu. Baadaye alivuka bahari akaenea Mombasa na Dar es Salaam, kisha akafuata barabara na makazi ya watu hadi Morogoro na Dodoma.

Huko kwao Asia ni ndege wa kawaida kabisa. Hukaa palipo na watu, kwani porini hana riziki. Hujenga kiota kwa vijiti, na mara nyingi kwa vipande vya waya. Jike hutaga mayai matatu hadi matano na kuyaatamia kwa muda wa siku 16 au 17. Jioni hukusanyika makundi kwa makundi kulala katika miti michache, na kelele zake wanazijua wakazi wa Pwani. Asia yuko ndege wa jamii ya kekeo, aitwaye koel, ambaye hutaga ndani ya viota vya kunguru hawa na kuwaachia kazi ya kumlelea makinda. Huku kwetu koel huyo hayupo.

Hasara zake ni nyingi. Hunyakua vifaranga vya kuku, hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na hudonoa maembe na mapapai yangali mtini. Hata mwewe na tai huwafukuza kwa kuwashambulia kundi zima. Tena ni mwerevu mno: akiona wenzake wamenaswa mahali, hapaendei tena kwa urahisi. Unguja walijaribu kumpunguza kwa sumu na mitego katika miaka ya 1990, wakaua maelfu kwa maelfu. Kazi ilipolegea akaongezeka upya. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza azma ya kuua kunguru hawa wapatao milioni moja. Mtu yeyote mwenye kupanga bajeti ya wilaya aitafakari hesabu hiyo.

Mwambao wetu una kila kitu akipendacho. Usipa huanikwa mchangani na juu ya chanja, wazi kabisa. Kuku huzurura uani. Sasa lami imefika toka Mbinga hadi Mbamba Bay, na bandari inajengwa. Ni maendeleo tuliyoyalilia miaka mingi, wala hatuyalaumu. Lakini magari na masoko huongeza majalala, na jalala ndilo meza ya ndege huyu.

Hapa tunawasihi wananchi wasije wakawaua ndege wasio na hatia. Kunguru wetu wa siku zote ana kifua cheupe na ukosi mweupe. Yule mkubwa wa milima ya Umatengo ana mdomo mnene na baka jeupe kisogoni. Wa Bara Hindi ni mdogo kuliko hao, mwembamba, na shingo yake mpaka kifuani ni ya rangi ya kijivu. Hana weupe popote. Mvuvi wa Lundo au mwalimu wa Liuli akimwona mmoja tu, ampashe habari afisa maliasili siku hiyo hiyo, kwani jozi moja huondolewa kwa siku chache, na maelfu hayaondoleki kwa miaka.

Nao maofisa wa Wilaya ya Mbinga, na wa Nyasa iliyojitenga nayo mwaka 2012, wasingoje taarifa hiyo. Mashimo ya taka ya masoko yafukiwe kila siku, na matumbo ya samaki yasiachwe mialoni hadi asubuhi. Kazi hii haihitaji sumu wala mtaalamu kutoka mbali, na sheria ndogo za usafi za halmashauri zinatosha kuianza.