Kompyuta yafua chuma kabla ya nyundo

MHUNZI wa kijijini hujua chuma kimeiva kwa kuangalia rangi yake. Kiwanda kinachofua krankshafti za matrekta kwa maelfu hakiwezi kutegemea jicho, kwani kosa moja hujirudia katika kila kipande mpaka mtu alibaini.

Katika viwanda vingi vya aina hiyo, chuma cha pua hupashwa joto bila moto. Kipande hupitishwa ndani ya koili ya shaba yenye umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Umeme huo huzusha mikondo ndani ya chuma chenyewe, nacho hupata joto. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Kinachotafutwa ni joto la kati ya nyuzi 1,100 na 1,250 za Selsiasi.

Ugumu ni kwamba kipande hakiivi sawasawa. Kwa umeme wa mizunguko 1,000 kwa sekunde, mwanzoni mkondo hupita juujuu tu, kina cha milimita moja hivi. Joto likifika karibu nyuzi 770 chuma hupoteza usumaku, na mkondo huzama hadi milimita 17 hivi. Ukiharakisha, nje kunaiva na moyo unabaki mgumu. Kipande hupasuka au kalibu huvunjika. Ukichelewa, umeme unapotea na chuma kinatoa magamba.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Programu hukigawa kipande katika vijisehemu maelfu kwa maelfu, ikakokotoa umeme na joto katika kila kimoja, kisha jinsi chuma kitakavyojaza kalibu. Miongoni mwa zinazojulikana ni FORGE ya Ufaransa na DEFORM ya Columbus, Ohio, nchini Marekani. Bila programu hizo fundi huchonga kalibu, hufua, hukuta pembe moja haikujaa, kisha huchonga upya. Kalibu si kitu cha bei rahisi.

Faida kubwa, hata hivyo, iko kwenye chuma kinachofurika pembeni ya kalibu na kukatwa kuwa chakavu. Chukua kipande cha kilo 10. Hesabu ya kompyuta ikionyesha kuwa kilo 9.5 zinatosha, vipande 20,000 vitaokoa tani 10 za chuma. Kupasha tani moja hadi nyuzi 1,200 kunahitaji uniti 220 hivi za umeme hata kama hakuna kinachopotea njiani, hivyo zimeokolewa pia uniti 2,200 au zaidi.

Kwa karakana inayofua majembe mia chache hesabu hiyo hailipi. Kwake kuharibu vipande viwili vya majaribio ni nafuu kuliko leseni ya programu na mshahara wa mtaalamu wake.

Nayo kompyuta hujibu kulingana na ilicholishwa. Msuguano kati ya chuma na kalibu, na joto linalopotea kipande kikitoka kwenye koili, lazima vipimwe kiwandani. Ndiyo maana viwanda makini hukata kipande cha kwanza katikati, hukisugua na kukipaka tindikali, kisha hulinganisha mistari inayojitokeza na ile iliyochorwa na kompyuta.