Mtazame Sultani kifuani

Picha za masultani wa Zanzibar huzunguka sana kwenye simu zetu sisi wa ughaibuni, huyu akizipeleka kwa kujivuna, yule kwa kulaani. Aghalabu hakuna anayeeleza zilipigwa kwa sababu gani.

Sayyid Barghash bin Said alifika London mwaka 1875, miaka miwili baada ya Waingereza kumshurutisha kutia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Alipokewa na Malkia Victoria, na akaenda kupigwa picha katika studio ya Maull. Kwenda kwake studio hakukuwa mchezo. Tangu 1860 Victoria alikwisha kuruhusu picha zake zilizopigwa na John Mayall ziuzwe madukani, vikadi vidogo vya kuweka kwenye albamu, na sura ya mtawala ikaingia sebuleni mwa mtu yeyote mwenye senti kidogo. Katika vikadi vile Malkia hana taji; amevaa kama mke wa tajiri wa mjini. Angeweza kuliacha nyumbani, maana nani asiyejua kwamba analo?

Barghash hakuweza kuacha kitu. Alijitokeza na kilemba, joho na upanga. Kwa watu wa Unguja wa enzi ile mavazi hayo yalisomeka kama barua: mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu, na joho lilikuwa la wenye cheo. Ukali wa uso, kwa kweli, tusiutilie maanani sana. Kamera za siku zile zilimtaka mtu atulie kimya, na tabasamu huchoka upesi.

Sasa weka kando yake picha ya Sayyid Hamud bin Mohammed. Huyu alikalishwa kitini na Waingereza Agosti 1896, baada ya manowari zao kulipiga mizinga kasri alimokuwamo Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti hicho bila idhini yao, vita vya dakika zipatazo 40 tu. Kilemba kipo, joho lipo. Kifuani, hata hivyo, pameongezeka nishani za Uingereza. Mpigapicha angemkalisha atakavyo, kidevu juu na mkono kwenye upanga, bado nishani zingetaja bwana mwingine. Kwangu mimi, hiyo ndiyo picha ya ukoloni iliyo wazi kuliko zote za Zanzibar, ingawa hamna Mzungu hata mmoja ndani yake.

Basi ikikufikia nyingine kwenye kundi la ukoo, usiipeleke mbele haraka. Uache uso kwanza, tazama kifuani, kisha uliza ni nani aliyemvisha.